Sentensi Niliyoiongeza

Mwaka ule serikali ya kijeshi ilipotangaza kwamba Kiswahili ndicho kitakachokuwa lugha ya taifa, nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza masomo ya fasihi katika chuo kikuu kilicho juu ya Wandegeya, na sina kazi. Nyumbani kwetu, nyuma ya duka la baba karibu na Nakivubo, Kiswahili kilikuwa lugha ya mama na ya bibi, lugha ambayo babu zetu walikuja nayo kutoka pwani walipofuata biashara. Ndiyo tuliyofundishiwa dini na ndiyo tuliyogombezwa kwayo. Nje ya mlango wetu mambo yalikuwa mengine. Kwa majirani zetu Waganda hiyo ilikuwa lugha ya askari, lugha ya kukuamuru usimame, ushuke kwenye gari, utoe kitambulisho. Nilipokuwa shuleni wenzangu waliniuliza mara nyingi kama baba yangu ni mwanajeshi. Baba yangu alikuwa muuza vitambaa.

Kazi niliipata kwa sababu ya mdomo wa mama. Mteja mmoja wa baba, ofisa aliyekuwa akishughulikia mambo ya familia za polisi kule Naguru, alikuja kununua kitambaa cha kanzu. Akamsikia mama akinigombeza jikoni, akasema Kiswahili cha namna hiyo hajawahi kukisikia Kampala. Alikuwa akitafuta mwalimu wa wake za polisi, kila Jumamosi alasiri. Mama, ambaye alikuwa amekwisha kwenda Makka na kila mtu akimwita Hajati, hakupenda hata kidogo. Alisema nyumba za polisi si mahali pa msichana kuzoeleka, si kwa wema wala kwa ubaya. Baba alisema kukataa kungekuwa hatari kuliko kukubali. Nikaenda.

Walikuwa wanawake kumi na wawili katika ukumbi mdogo wa mabati, wengi wao wametoka kaskazini. Kiswahili chao kilikuwa cha kambini, kifupi, kisichojali ngeli. Mwezi wa kwanza niliwafundisha ngeli, nao wakasinzia. Mwezi wa pili nikaona bora niwafundishe kitu ninachokipenda mwenyewe. Nikawaeleza kuhusu hadithi fupi. Nikachora ubaoni: wahusika, mandhari, mgogoro, taharuki, kilele, kisha utulivu wa mwisho. Nikawaambia kila mmoja aende aandike jambo moja lililotokea nyumbani mwake kati ya mke na mume, au kati ya mama na binti, kwa ukurasa mmoja.

Mmoja wao alikuwa mama wa mapacha. Waganda humwita mwanamke wa namna hiyo Nnalongo, kwa heshima, na ingawa yeye hakuwa Mganda jina hilo la heshima lilimganda, hata sisi tukamwita hivyo. Alikuwa mrefu, mkubwa kidogo kuliko mimi kwa umri, na alikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Jumamosi iliyofuata alinipa karatasi yenye mistari michache tu. Ninaikumbuka yote, kwa sababu nimeisoma mbele ya madarasa mengi tangu hapo:

"Mume amerudi. Mke ameweka chakula. Mume anakula. Mke anangoja aseme chumvi imezidi. Hasemi. Kesho yake mke anazidisha chumvi. Mume anakula. Keshokutwa anazidisha tena. Mume anakula, anakunywa maji, analala."

Niliirudisha na wino mwekundu kila pembe. Niliuliza mandhari iko wapi, mke anahisi nini, mume ana tabia gani, kilele ni kipi. Chini niliandika kwamba hadithi haijaisha. Nnalongo alisoma maneno yangu taratibu akaniambia mbele ya wote kwamba imekwisha.

Nikamuuliza imekwisha vipi na hatujui mume ana nini.

"Mwalimu," akasema, "kama mume hapana sema, itaendelea namna gani?"

Wanawake wakacheka. Kisha kicheko kikafa bila mtu kukizima. Niliwatazama. Mmoja alikuwa akitazama vidole vyake, mwingine alikuwa amegeukia dirishani. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuambiwa mke yule anahisi nini. Nilirudi nyumbani na karatasi ile, nikakaa nayo kitandani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba chumvi ilikuwa imefanya kazi yote niliyoiandika ubaoni. Ndiyo iliyokuwa mgogoro, na taharuki, na mapenzi yenyewe. Mwanamke alikuwa akimwita mumewe kwa chumvi, na mume hakusikia, au alisikia akaogopa kuitika.

Siku za kazi nilikuwa nikipiga taipu katika kiduka cha uchapaji Wandegeya, kati ya vibanda vya chakula na mabweni ya wanafunzi. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiganda, mpole, aliyeniita "Mwarimu" kwa ulimi wa kwao. Nnalongo akaanza kupita pale kila Alhamisi akitoka sokoni, watoto wakiwa shule. Alikuwa akileta daftari ndani ya kikapu, chini ya mboga. Tuliagiza chai ya rangi, kwa sababu maziwa yalikuwa adimu na sukari ilikuwa ya kuhadithiwa, tukakaa kwenye meza yangu nyuma ya taipureta.

Ndipo nilipoona jinsi anavyofanya kazi. Alikuwa akiniomba nisome hadithi yake kwa sauti ya chini, kisha anafunika mstari mmoja kwa kiganja na kuniambia nisome tena bila ule mstari. Halafu ananiuliza kama nimeelewa. Nikisema nimeelewa, anaukata. Mara nyingine hadithi iliyoanza na kurasa mbili ilibaki robo ukurasa. Mimi nilikuwa nikimwomba abakize kitu, walau rangi ya nguo, walau mvua. Alikuwa akinitazama kama mtu anayeombwa aweke mapambo kwenye sufuria.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anaandika kwa maneno machache hivyo. Alinieleza bila haraka, na nitayasema hapa kwa maneno yangu. Kwanza, alisema, Kiswahili alichonacho ni kidogo, na anachoweza kukibeba hawezi kukitapanya. Pili, kuta za nyumba za Naguru ni nyembamba. Yeye na mumewe walikuwa wamejifunza kuzungumza kwa maneno ambayo jirani akiyasikia hayana maana. Hapo zamani, kabla ya jeshi kuchukua nchi, mumewe alikuwa mtu wa maneno mengi, mcheshi, akirudi kazini anasimulia mpaka ugali unapoa. Sasa alikuwa akirudi, anavua viatu, anawashika watoto vichwani, anakaa. Watu wa kwao walikuwa wakiitwa ofisini mmoja mmoja, na wengine hawakurudi mezani pao. Yeye alikuwa bado anakwenda kazini kila asubuhi. Nnalongo hakujua anakwenda kufanya nini, na alikuwa ameamua kutokujua.

Nilimwona mumewe mara moja tu. Alikuja ukumbini kumchukua mkewe, amembeba pacha mmoja aliyelala begani. Alivua kofia aliponiona, akanishukuru kwa kumfundisha mama watoto. Alisema siku hizi akiamka anamkuta anaandika. Alisema hivyo kwa fahari, kisha akatazama nyuma yake kama mtu aliyesema zaidi ya alivyokusudia.

Miezi ikapita hivyo. Wanawake wote waliandika, na baadhi waliandika vizuri, kuhusu mawifi, kuhusu wake wenza, kuhusu rafiki aliyehamia karibu na mume wako. Nikapata wazo la kukusanya hadithi kumi na mbili katika kijitabu, nizirudufu pale dukani. Mzee alikubali nitumie mashine baada ya kazi za wateja kwisha. Nilimwambia pia mwalimu wangu wa zamani wa chuoni kwamba nitamletea nakala, naye akasema atafurahi kuona nimefanya nini.

Alhamisi moja Nnalongo alileta hadithi yake ya kijitabu. Ilikuwa hii:

"Mume amerudi na koti. Si lake. Mke hakuuliza. Koti lina vumbi begani. Mke amechemsha maji. Kabla ya kufua ametia mkono mfukoni, kama mama yake alivyomfundisha. Ametoa karatasi. Mwandiko ni wa mwanamke. Sukari, sabuni, viberiti, dawa ya mtoto ya kikohozi. Mke amesoma mara mbili. Amefua koti. Amelianika. Mchana amekwenda dukani. Sukari hakuna. Sabuni hakuna. Amenunua dawa ya kikohozi. Watoto wake hawana kikohozi. Ameiweka dirishani."

Niliisoma mpaka mwisho. Nilimuuliza kama ni kweli.

"Hii ni hadithi, Mwalimu," akasema. "Wewe mwenyewe nafundisha, mutu ya hadithi si mutu ya kweli."

Akanywa chai yake, akachukua kikapu, akaenda kuwapokea watoto.

Hadithi ile ina wanawake wawili, na hawakutani kabisa. Mmoja ameandika mahitaji ya nyumbani na kuyatia mfukoni mwa mumewe. Mwingine ameyasoma, akaenda kuyanunua. Kati yao kuna mume anayekosekana na mume aliyepo, na hakuna anayesema neno. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuhusu urafiki wa wanawake, lakini sikuwahi kuona chupa ya dawa ya kikohozi ikisema mambo kama haya.

Sasa nieleze nilichokifanya. Kuandika kwenye karatasi ya stenseli si kama kuandika kwenye karatasi ya kawaida. Herufi zinatoboa, na ukikosea unapaka dawa na kungoja ikauke. Kwa hiyo nilipiga taratibu, hadithi moja kila mchana. Ya Nnalongo nilipoimaliza, nafasi ya mistari mitatu ilibaki chini ya ukurasa. Mvua ilikuwa ikinyesha, duka halina mteja, mzee amekwenda kula. Niliitazama nafasi ile. Nikamfikiria mwalimu wangu wa chuoni akisoma, akijiuliza kama mwandishi alielewa alichokiandika. Nikaona aibu kwa niaba ya hadithi. Nikaongeza sentensi moja:

"Alijua kwamba mwenye koti hatarudi tena kwake, na kwamba mumewe ndiye ajuaye sababu."

Haikuchukua hata dakika. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilitaka kumsaidia msomaji. Ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana ninathubutu, na nilithubutu kwa mgongo wa mwanamke mwingine. Sikumwambia. Sikumwonyesha stenseli. Chini ya kila hadithi niliandika jina ambalo mwenyewe alilichagua ili lisiwe la kweli, na yeye alikuwa amechagua lile lile la Nnalongo. Katika nyumba zile mama wa mapacha alikuwa mmoja tu, na mimi nililijua hilo.

Jumamosi niligawa nakala. Wanawake walizishika kama watu wanaoshika kitoto kichanga. Nnalongo alifungua ukurasa wake, akaona hadithi imekaa pale imechapwa, akapitisha kidole juu ya kichwa cha habari, akatabasamu, akakiweka kijitabu kikapuni. Hakuisoma. Aliijua kwa moyo.

Alhamisi hakuja. Nilidhani watoto wanaumwa. Jumamosi nilikuta ukumbi umefungwa kwa kufuli, na mlinzi akaniambia kwamba darasa limesimamishwa, hajui mpaka lini. Alisema huku akitazama viatu vyangu. Siku ya Jumatatu, kabla ya adhuhuri, Nnalongo aliingia dukani kwa baba. Sikujua kama anapajua kwetu. Baba alikuwa ametoka, mama alikuwa akikunja vitambaa juu ya kaunta. Nnalongo alimsalimu Hajati kwa adabu zote, akauliza hali yake na ya nyumba, kisha akanieleza mimi. Mmoja wa wanawake wa darasa alimsomea mumewe kijitabu wakati wa chakula. Mume alicheka hadithi mbili tatu. Walipofika ya koti alikiomba kijitabu, akasoma mwenyewe, akaondoka nacho. Jumatano asubuhi mume wa Nnalongo aliitwa ofisini akiwa bado hajamaliza chai. Alikuwa hajarudi. Nnalongo alikuwa amekwenda kila lango analolijua, na kila lango walimwambia hawamjui mtu wa jina hilo, hata lile lango ambalo zamani mumewe mwenyewe alikuwa akililinda.

Alisema yote hayo bila kupandisha sauti. Kisha akatoa kijitabu, akakifungua juu ya kitambaa ambacho mama alikuwa akikikunja, akaweka kiganja chake juu ya sentensi ya mwisho.

"Hapa hadithi yangu nakwisha," akasema. "Hii iko chini ya mkono, nani naandika?"

Nikasema ni mimi.

"Kwa nini?"

Nikasema nilitaka watu waelewe.

Alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, na ningependa ingekuwapo.

"Nani hapana elewa, Mwalimu?"

Akasema kwamba maneno yale alikuwa akilala nayo na kuamka nayo kila siku. Kama angetaka kuyasema angeyasema. Aliyaacha kusudi, kwa sababu bila maneno yale koti lingeweza kuwa la kununua sokoni, au la kuazima, au la marehemu kaka yake, na mtu yeyote akimuuliza angeweza kujibu. Mimi nilikuwa nimemwondolea majibu yote. Mama aliacha kazi yake, akamletea kiti na maji. Nnalongo alikunywa maji, akamshukuru Hajati, akafunga kijitabu, akatoka. Ningeweza kumfuata mpaka barabarani. Sikumfuata. Nilimwona kupitia mlangoni akivuka kati ya watu na magari, shingo imenyooka, mpaka nikampoteza.

Jioni ile mama alinitaka nilete karatasi zote. Tulizichoma kwenye sigiri, stenseli zikinuka nta. Mzee wa Wandegeya alipopata habari alisema yeye hajawahi kuona kijitabu chochote, na mimi nisirudi kwa muda. Majuma matatu sikutoka nje. Kila gari lililosimama mtaani nilijua limenijia mimi. Baba alikuwa akienda msikitini na kurudi bila kuniambia anaomba nini. Hakuna aliyekuja. Hilo nalo lilinitesa kwa namna yake, kwamba mwenye sentensi ameachwa amekaa kwa mama yake akila, na mwingine ameitwa. Ningeweza kwenda kujitaja. Nililifikiria kila siku, na kila siku nililala bila kwenda.

Nilipopata nguvu ya kupanda Naguru, nyumba yao ilikuwa imepewa watu wengine. Mwanamke nisiyemjua alikuwa akianika nguo kwenye kamba. Aliniambia kwamba yule wa kwanza aliamriwa ahame, akapanda lori na mapacha wake kwenda kwao kaskazini. Vyombo vingine aliviacha kwa sababu havikuwa na nafasi. Akaniuliza kama mimi ni ndugu. Nikasema nilikuwa mwalimu wake.

Niliendelea kuishi. Nilifundisha katika shule moja ya wasichana, nikaposwa, nikaolewa. Kuandika sikuandika. Nilipokuwa nikijaribu, kila sentensi niliyoimaliza nilikuwa naiona ile nyingine nyuma yake.

Mwaka utawala ule ulipoanguka, mizinga ilisikika siku nyingi, kisha wakaja wakombozi, kisha wakaja waporaji. Duka la baba lilivunjwa likabaki rafu. Baadaye kidogo, kukiwa bado na vioo barabarani, ofisi moja ya serikali mpya ilianza kupokea majina ya watu waliopotea. Foleni ilikuwa ya wanawake karibu wote. Walihitaji watu wanaoweza kuandika Kiswahili, Kiganda na Kiingereza, bila malipo, nikajitolea. Tulikuwa na meza tatu barazani. Tulikuwa tukijaza fomu ya ukurasa mmoja: jina, kazi, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na kisanduku kidogo cha maelezo.

Juma la pili, nikiinua kichwa, nikamwona. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi mbele, na nyuma yake walisimama wasichana wawili wa kufanana, warefu kama yeye. Foleni ya meza ya kwanza ilikuwa fupi. Aliiacha, akasimama kwenye yangu mpaka zamu yake ikafika. Akakaa, akanisalimu, akaniita Mwalimu.

Nilijaza jina na kazi na siku ile ya Jumatano. Nilipofika kwenye maelezo nilimuuliza niandike nini, na nilidhani ninajua atajibu kwa maneno matatu. Nnalongo akaanza kusema. Alisema urefu wa mumewe na kovu la kisu cha kuvunia mtama kwenye goti la kushoto. Alisema alikuwa akipenda maharage yaliyotiwa simsim, kwamba alikuwa akikoroma akilala chali, kwamba alinyoa ndevu kila siku hata ya mapumziko. Alisema mapacha walipozaliwa alicheza ngoma uani peke yake, bila ngoma. Kisanduku kilijaa, nikachukua karatasi nyeupe. Alieleza shati alilovaa Jumatano ile na kifungo kipi kilikuwa cha rangi nyingine. Alieleza chai aliyoiacha. Nikachukua karatasi ya pili. Watu wa nyuma walianza kunung'unika, kisha wakanyamaza, kwa sababu walikuwa wakisikia. Binti zake walikuwa wakisikiliza vizuri kuliko wote. Nafikiri mengine walikuwa hawajawahi kuyasikia.

Alipomaliza kusema nilikuwa nimeandika karatasi nne. Niliweka kalamu chini nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo miaka mingi, yakatoka vibaya na mafupi.

Aliwaambia mabinti wakanunue maji. Kisha akanieleza kwamba askari mmoja, rafiki wa mumewe, alimfuata kaskazini mwaka uliofuata. Alimwambia kwamba siku ile walimwonyesha mumewe kijitabu wakamuuliza ni nani aliyeandika. Mumewe alisema ameandika yeye mwenyewe, mkewe hajui kuandika Kiswahili.

"Lakini huyo askari pia anasema jina yake ilikuwa kwa karatasi kabla," akasema. "Jina ya watu ya kwetu yote. Labda ni hadithi inamuua. Labda siku yake ilikuwa imefika kwao. Mimi hapana jua. Wewe pia hapana jua. Tutakaa hivyo."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Mabinti walirudi na maji.

Karani wa ndani alikuja kukusanya fomu. Alizitazama zile karatasi nne, akasema kwa upole kwamba faili zinapokea ukurasa mmoja tu, akazirudisha mezani. Nilibishana naye kidogo. Hakubadili neno. Nnalongo akazichukua, akampa binti mmoja, akamwambia azitunze zisikunjike.

Nilipopata nafasi nilikwenda nao kula katika kibanda kimoja Wandegeya, matoke na mchuzi wa karanga, na tukazungumza mambo ya shule za mabinti. Mmoja alitaka kuwa muuguzi. Nilimuuliza Nnalongo kama bado anaandika. Alisema anaandika barua tu, za watu wa kijijini wasiojua kusoma, na kwamba watu hao wanapenda barua ndefu. Kesho yake asubuhi walipanda basi la kwao.

Miezi kadhaa baadaye ofisi ile ilisoma barazani orodha ya majina ambayo hakuna taarifa yoyote iliyopatikana juu yao. Nilikwenda kusikiliza kwa niaba yake. Jina la mumewe lilisomwa karibu na mwisho, na msomaji alilikosea, ikabidi alirudie. Nilimwandikia Nnalongo barua, nikamweleza jinsi ilivyokuwa, na nani walikuwapo. Alinijibu kwamba ameipokea, kwamba mvua imenyesha vizuri, na kwamba yule binti wa uuguzi amepata nafasi ya sekondari. Nilimwandikia tena. Wakati huo barabara ya kaskazini ilikuwa imeanza kuharibika kwa vita vingine, na barua ile ilirudi kwangu ikiwa haijafunguliwa.